Waya za injini: acheni kumlaumu fundi, chukueni karatasi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu mchana kazi ilinibana na usiku nilikuwa chini ya gari. Leo hakuna hifadhidata wala simu. Leo nimekuja kugombana.

Jumapili iliyopita tulikaa vijana kadhaa, wote wagonjwa wa Subaru, nikataja kwamba nyaya zote za injini ya Impreza yangu nimezitengeneza mwenyewe, kuanzia pini ya kwanza hadi ya mwisho. Wakacheka. "Wewe ni mtu wa kompyuta bwana, hiyo waachie mafundi wa waya." Mmoja wao, anayeandika programu kama mimi, akauliza kwa nini nijisumbue. Si ninunue nyaya zilizotolewa kwenye gari lingine kutoka Japani, nipachike, maisha yaendelee?

Huyo wa mwisho ndiye aliyenikera. Wengine nawasamehe. Mtu anayelipwa kila mwezi kuandika programu, anayelalamika kutwa kucha kuhusu msimbo wa wenzake usio na maelezo, halafu anakabidhi roho yake kwa rundo la nyaya ambazo hakuna binadamu anayejua zinakwenda wapi!

Nieleze kidogo kwa wasio wa magari. Injini ya kisasa ina kompyuta yake. Kompyuta hiyo haijui lolote mpaka iambiwe na sensa: krenki imefika wapi, maji yana joto gani, hewa inayoingia ina shinikizo gani, mguu umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikishajua, inaamuru injekta zimwage petroli na koili zipige cheche. Habari zote na amri zote zinapita kwenye nyaya. Ukibadilisha injini, ukaongeza tabo, ukaweka na kompyuta nyingine, nyaya za kiwandani hazilingani tena na gari lako. Hapo ndipo watu huchukua mkasi.

Mimi pia nilichukua mkasi. Au niseme ukweli: nilimlipa mtu aushike.

Gari langu lilikuja na injini ndogo isiyo na tabo. Nikatafuta EJ20 yenye tabo iliyotoka Japani, nikaokota vipuri vilivyosalia Kirinyaga Road (wazee wetu bado wanaiita Grogan), nikampelekea fundi wa waya. Nilimpa siku mbili. Akaunganisha nyaya za injini mpya na zile za gari, hii kwa hii, akazungushia tepu nyeusi. Jioni ya siku ya pili likawaka. Nikamlipa, nikamwongezea ya chai.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa nikiteremka kwenda Mai Mahiu, mdogo wangu ameketi kando. Wanaoijua barabara ile hawahitaji kuelezwa: ukingo upande mmoja, bonde upande wa pili, malori mbele na nyuma. Katikati ya kona injini ikazima. Haikukohoa wala haikuonya. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Breki zikabaki na nguvu ya kukanyagwa mara mbili tatu tu, kwa sababu msaada wake hutoka kwenye injini inayozunguka. Lori la nyuma yetu likapiga honi ndefu ambayo mpaka leo naisikia. Nikakanyaga breki mara moja bila kuachia, nikalivuta gari hadi kwenye changarawe kando ya barabara. Lori likapita.

Nikafungua boneti. Mdogo wangu akaja na tochi ya simu, akamulika lile rundo jeusi lililofungwa tepu, akaniuliza: "Kaka, iliyoharibika ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Mwenye gari ni mimi, mwenye shahada ya kompyuta ni mimi, na sikujua hata moja inakwenda wapi.

Kosa nilikuja kulipata baada ya wiki mbili za maltimita. Injini za EJ20 za miaka ile zina gurudumu la meno 6 kwenye krenki, na sensa inayolisoma hutoa umeme mdogo sana injini ikizunguka polepole. Kwa hiyo kiwanda kiliipa waya yenye ngao ya kuzuia kelele za umeme. Fundi aliikata ngao kwa sababu aliona haiendi popote. Kiungo alikisokota kwa vidole. Gundi ya tepu ikalainika kwa joto, kiungo kikalegea. Na waya hiyo hiyo ilikuwa imefungwa pamoja na nyaya za koili, yaani mnong'ono umelazwa kando ya radi.

Fanyeni hesabu nami. Mizunguko 6,000 kwa dakika ni mizunguko 100 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 10. Digrii moja ya mzunguko ni mikrosekunde 28 hivi. Kelele ya koili ikirukia waya ya krenki, kompyuta inahesabu jino ambalo halipo. Kiungo kikiachia, inakosa jino lililopo. Ikishapoteza hesabu haijui pistoni ziko wapi, na inakata cheche na petroli. Programu ilifanya kazi yake sawasawa. Ilidanganywa na waya.

Sasa mnangoja nimtukane fundi. Simtukani ng'o. Alikuwa na siku mbili, hakuwa na mchoro, na bei tulivutana hadi akachoka. Mimi ndiye niliyemwambia "bora liwake", na lilowaka. Sisi waandishi wa programu tunamjua mteja wa aina hiyo. Anataka mfumo Ijumaa, hataki kusikia habari ya maelezo wala majaribio, na mfumo ukianguka anauliza ni mjinga gani aliyeuandika. Mbele ya fundi yule, mteja huyo nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nasema kutengeneza nyaya za injini yako si ubingwa wa mikono. Ni kazi ya kuandika, na sisi tunajidai tunajua kuandika. Kabla sijakata hata sentimita moja, nilikaa jioni kumi na mbili na jedwali. Safu 47, moja kwa kila waya: namba yake, inatoka pini gani, inakwenda pini gani, rangi, unene, urefu, fyuzi inayoilinda, na jirani zake wasiotakiwa. Kuna programu huria inaitwa WireViz: unaandika nyaya na konekta kwenye faili la maandishi, yenyewe inakuchorea mchoro. Faili hilo naliweka kwenye Git kama msimbo mwingine wowote. Nikihamisha pini, historia inabaki.

Uzuri wa jedwali ni kwamba halikubali uongo. Kila kisanduku kitupu kinakuuliza swali.

Unene gani? Chukua pampu ya petroli inayokula ampea 12, na waya ya mita 4 kutoka mbele hadi nyuma. Ukiweka waya ya AWG 18, unapoteza takribani volti 1 njiani, kabla hujahesabu safari ya kurudi. Ukiweka AWG 12, unapoteza robo volti. Volti hiyo inapotea hasa pale tabo inapodai petroli nyingi. Halafu mtu anasema pampu ni mbovu, ananunua nyingine, na hiyo nayo "inakuwa mbovu".

Fyuzi gani? Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Ukiweka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya nyembamba ya sensa, siku ikigusa bodi waya ndiyo itakayoungua, na fyuzi itabaki inakutazama. Magari huungua hivyo.

Ethi wapi? Hapa ndipo wengi huanguka. Koili, injekta na pampu zina ethi zao nzito. Sensa zina ethi yao nyepesi, na hiyo irudi kwenye kompyuta peke yake. Ukizichanganya, umeme mkubwa unainua ethi ya sensa. Volti 0.1 kwenye kipimo cha volti 5 ni asilimia 2 ya kipimo chote, na kompyuta itapima petroli kwa namba hiyo ya uongo. Na ngao ya waya ya krenki ifungwe ethi upande mmoja tu, upande wa kompyuta. Ukiifunga pande zote mbili umeipa njia nyingine ya kupitisha umeme.

Waya ya aina gani? Waya ya PVC ya nyumba, ile ya kwenye ukuta, kawaida ni ya digrii 70 tu, na ile yenye uzi mmoja mnene huvunjika kwa mtetemo. Waya ya magari ya aina ya TXL inastahimili digrii 125. Ile ya ndege, Tefzel, ya kiwango cha M22759/16, ni digrii 150. Kando ya tabo hizo si namba za mapambo.

Sasa nije kwenye visingizio, maana nimevisikia vyote.

"Kulehemu kwa risasi ndiko imara." Kwenye meza, kweli. Kwenye injini inayotetema, risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuifanya ngumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ndipo waya inapokatikia. Pini iliyobanwa vizuri kwa koleo lake hushika bila ugumu huo. NASA ina kiwango kizima kuhusu kubana pini na kufunga nyaya, NASA-STD-8739.4, na yeyote anaweza kukisoma bure. Soma sehemu ya ukaguzi uone pini mbaya inafananaje. Utatambua kazi ya jana.

"Ni ghali." Koleo zuri ni ghali, sikatai. Lakini koleo moja linaweza kuwatosha marafiki kumi. Na msijitie Formula 1. Wale wanasokota nyaya kwa tabaka, moja katikati, 6 kuizunguka, kisha 12, kisha 18, kila tabaka likielekea kinyume cha mwenzake ili fungu lote lipinde bila kuvuta waya yoyote. Kazi nzuri sana, nami nimeijaribu kwa fahari tu. Gari la barabarani halihitaji hayo. Linahitaji konekta zinazozuia maji na vumbi. Za Deutsch DTM hubeba ampea 7.5 kwa pini, zinatosha sensa. Za DT hubeba 13. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, dunia nzima iliona vumbi la Naivasha linavyofanya. Vumbi hilo halikuanza na mashindano. Sisi tunaishi nalo.

"Za kiwandani ni bora." Hapa nakubali nusu. Kama injini yako ni ya asili, kompyuta ni ya asili, na nyaya hazijawahi kuguswa, ziacheni! Waliozitengeneza walifikiri kuliko wewe na mimi. Na nyaya za mifuko ya hewa na za ABS usiziguse kabisa, mimi sikuzigusa. Lakini yule rafiki yangu hana gari la asili. Ana injini ya gari moja, kompyuta ya gari la pili na nyaya za gari la tatu, zote zimekaa kwenye joto zaidi ya miaka 20. Hicho si kiwanda. Hayo ni matanga.

"Sina muda." Jioni kumi na mbili za jedwali, Jumamosi sita za kukata na kubana. Wangapi wenu mmetumia muda zaidi ya huo mkibishana lugha ipi ya programu ni bora?

Kwa hiyo sikuambii umkimbie fundi wa waya. Kama mikono yako haifai, mpe yeye koleo. Lakini nenda na jedwali ulilolijaza wewe, mpe muda wa kutosha, mlipe kama mtu anayeshika uhai wako, na kagua kila safu kwa maltimita kabla betri haijaunganishwa. Nilifanya ukaguzi huo mara mbili, na mara ya kwanza nikakuta makosa mawili. Yote yangu. Nilikuwa nimebadilishana injekta ya silinda ya 2 na ya 3, na ethi moja nilisahau kuibana. Jedwali ndilo lililonishtaki, gari likiwa bado limesimama.

Mwezi uliopita tuliteremka tena Mai Mahiu. Mdogo wangu ana nakala ya jedwali kwenye simu yake. Njiani aliniuliza, kwa kunitania, namba 12 ni ipi. Nikamjibu bila kufikiri: krenki, yenye ngao, peke yake, upande wa kushoto, mbali na koili. Akanyamaza, akaendelea kutazama bonde.

Haya. Wewe unayenicheka, nenda ukafungue boneti yako sasa hivi. Shika waya yoyote. Niambie inatoka wapi, inakwenda wapi, na inalindwa na fyuzi gani. Ukinijibu, nitakununulia nyama choma na kukuomba radhi mbele ya watu. Ukishindwa, chukua karatasi.