Mashine ya kusaka vyuma: nendeni ufuoni, magofu yaacheni

Vijana watatu, wawili wa Malindi na mmoja wa Amu, wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti: mtu akipata ile mashine ya kusaka vyuma ardhini, ndugu ya ile ambayo mabawabu hutupitishia mwilini kwenye milango ya maduka makubwa, aende nayo wapi? Wote watatu walikuwa na jibu lao tayari. Magofuni.

Fikira yao si ya kijinga. Palipokaa watu wengi miaka mingi ndipo palipoanguka vitu vingi, na pwani yetu imejaa miji iliyohamwa: Gede, Shanga, Takwa, Mnarani, Jumba la Mtwana. Mwaka 2010 huko Mambrui, wachimbaji wa Kichina na Wakenya walipata sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa Uchina wa mwanzo wa karne ya 15. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine ya mfalme huyo huyo kutoka Manda. Ukisikia habari kama hizo, mkono unawasha.

Lakini sheria ya mwaka 2006 ya Makavazi na turathi iko wazi. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale. Kukisaka kunataka leseni, kikiwa ardhini ni mali ya serikali, na aliyekiona ana siku saba za kutoa taarifa.

Wengi husikia hayo wakadhani ni serikali tu inayotaka kula peke yake. Mimi naona kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba Shanga, kisiwani Pate. Walikuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa mdogo wa miti, wa karne ya 8. Walikuta pia sarafu ndogo mno za fedha, zenye majina ya Kiislamu. Kwa sonara sarafu zile si kitu. Thamani yake ilikuwa katika tabaka la udongo zilipolala, pamoja na vigae na mashimo ya nguzo za nyumba. Wasomi wa zamani waliandika kwamba miji hii ililetwa na wageni waliovuka bahari, sisi tukiwa watazamaji. Udongo wa Shanga ulionyesha mji uliokua hapa hapa, kidogo kidogo. Sasa mpe kijana mashine na jembe: dakika tano atakuwa amekata matabaka matatu, sarafu mkononi, ushahidi umevurugika, na jioni mtalii ameinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Tuliyaona haya kwenye makaburi ya nguzo, ambako bakuli za Kichina zilibanduliwa moja baada ya nyingine. Wagiriama wanayajua zaidi, kwa vigango vyao vilivyoibwa na kuuzwa hadi Marekani.

Basi aende wapi? Ufuoni, kwenye fuo za umma ambako umati hujaa wakati wa Idi na Krismasi. Pete, hereni, mikufu na shilingi huanguka kila siku. Aangalie kalenda ya maji: siku za bamvua bahari hupwa mbali na kufunua mchanga ambao wakati wa maji mafu haufikiki. Kusi ikivuma kwa nguvu na kukata ufuo, atazame pale changarawe na makombe mazito yalipojipanga mstari, kwa sababu chuma nacho ni kizito na hutulia papo hapo. Mashimo ayafukie. Akiona dalili za kiota cha kasa, apite mbali. Pete yenye jina ndani ina mwenyewe, atafutwe. Hifadhi za bahari zina masharti yake, aulize maaskari wa wanyamapori kwanza. Shamba la mtu ni ruhusa ya mwenyewe, na kaya na makaburi hayaguswi hata kwa ruhusa. Wanaotamani kwenda Maktau au Salaita kusaka mabaki ya vita vya kwanza vya dunia wakumbuke kwamba chuma kinacholia chini kinaweza kuwa kombora ambalo halijalipuka.

Hata hivyo kukataza peke yake hakutoshi. Uingereza ina sheria ya hazina ya mwaka 1996: aliyeokota anatoa taarifa, kitu kinakadiriwa bei, na makumbusho ikikitaka, humlipa. Pia kuna maafisa mikoani wanaoandika hata vitu vidogo, na pahali vilipookotwa. Kwetu Makavazi yana ofisi Fort Jesus, Malindi na Amu. Ningependa kaunti za pwani zikae nayo meza moja, wateue mtu katika kila wadi ya kupokea na kuandika, na watenge kifungu cha zawadi katika bajeti. Mvuvi wa Siyu akiokota sarafu ya kale mchangani kesho, mtalii yuko mlangoni na noti mkononi, na boti ya kwenda Amu inataka nauli.