Vikompyuta vya ofisi za umma: ufunguo wa usajili anao nani?

Juzi nilikaa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma hapa Mombasa karibu saa nzima. Nyuma ya skrini ya karani palikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kitabu, na juu yake karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: anwani ya seva na, chini yake, ufunguo wa kusajili vifaa vya ofisi nzima. Yeyote mwenye simu angeupiga picha.

Visanduku hivi havihifadhi faili. Karani anafanya kazi kwenye seva, na kisanduku kinamwonyesha tu. Ndiyo maana ofisi zinavipenda: ni rahisi, havili umeme mwingi, na mwizi akikibeba hapati rekodi ya mtu. Lakini mamlaka yote yamehamia kwenye seva moja ya usimamizi. Kisanduku kipya kikiwashwa huuliza mtandao, "bosi wangu nani?" Kikijibiwa, kinajisajili na kupokea maagizo yote, pamoja na seva ya kuingia.

Hapo pana maswali mawili. Je, seva inajua kwamba kisanduku hiki ni chetu? Hilo linatatuliwa kwa kukiweka kifaa kipya kizuizini hadi msimamizi akiidhinishe, na kubadilisha ufunguo kila mara. La pili ndilo linalopuuzwa: kisanduku kinajuaje kwamba seva ni yetu? Kinajua kwa cheti cha kidijitali. Cheti kikiwa cha kujitungia, kisanduku hulalamika, na fundi mwenye haraka huzima ukaguzi ili kazi iende. Kuanzia hapo, mtu akichomeka laptopu yake kwenye waya wa ukumbini anaweza kujibu lile swali la bosi kabla ya bosi mwenyewe.

Si hofu tupu. Desemba 2020, watafiti wa CyberMDX walitangaza kasoro mbili katika vifaa vya Dell Wyse vilivyotumia ThinOS 8.6 na matoleo ya nyuma. Vifaa vilichukua mipangilio yake kutoka seva ya FTP isiyodai nywila, na mtu aliyefika kwenye mtandao huo angeweza kuisoma na hata kuibadilisha. Ukali wake ulipewa alama 10 kwa 10. Dell ilitoa marekebisho, lakini marekebisho hayajisakinishi kwenye kisanduku kilichosahaulika.

Sasa kuna jambo jingine. Vyeti vya umma vilivyokuwa vikidumu hadi siku 398 vinapunguzwa: siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 mwaka unaofuata, na 47 ifikapo Machi 2029. Ofisi inayohuisha cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka itaamka asubuhi ikute visanduku vyote vimegoma na foleni imefika barabarani. Nakisia mtu atapiga simu aambiwe azime ukaguzi. Vyeti vya mamlaka ya ndani havifungwi na muda huo, ila cheti mama lazima kiwekwe ndani ya kila kisanduku kabla hakijafika mezani, na ufunguo wake wa siri ufungiwe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data saa 72 kumjulisha Kamishna baada ya kugundua uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika. Ofisi isiyo na orodha ya vifaa ilivyoviidhinisha itagunduaje? Hospitali zetu nyingi za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivyo faili zinazozungumziwa hapa ni za wagonjwa. Zabuni ziandike, pamoja na waranti: nani anaidhinisha kifaa kipya, cheti kinatolewa na nani, na mkandarasi akiondoka ufunguo unabaki kwa nani.

Nilipofika dirishani nilimwonyesha karani ile karatasi. "Hiyo aliiacha fundi, baba," akaniambia. "Mkataba wake uliisha tangu kabla ya Ramadhani."