Nani Hulipa Namba za Mji Zinapobadilishwa?

Katika muda wa miaka kumi, kuanzia 1990 hadi 2000, wakazi wa London walitakiwa mara tatu kubadili namba ya mji wao ya simu. Mwenye simu aliyelala usiku wa tarehe 5 Mei, 1990, akiwa na namba inayoanza na 01, aliamka asubuhi ana 071 au 081. Miaka mitano baadaye ikawa 0171 au 0181. Mwaka 2000 ikawa 020, na namba yake mwenyewe, iliyokuwa na tarakimu saba tangu enzi za babu yake, ikaongezewa ya nane.

Kwa mtu atazamaye juu juu, hilo ni jambo la mafundi na mitambo yao. Lakini sivyo lilivyo. Namba ya simu imechorwa juu ya mlango wa duka, imeandikwa ubavuni mwa gari la fundi bomba, imechapwa katika karatasi za barua za chama cha wafanyakazi, na mama mzee ameihifadhi moyoni ili aweze kumpigia mwanawe. Aibadilishaye hutia mkono katika mifuko ya mamilioni ya watu kwa siku moja. Kwa hiyo yafaa tuulize: ni nani aliyeamua, ni nani aliyelipa, na je, kilichopatikana kililingana na gharama?

MAJINA YALIYOGEUKA TARAKIMU

Hapo zamani mtu wa London aliyetaka kuzungumza kwa simu alinyanyua chombo, akamtajia mwunganishaji jina la kituo na namba, naye mwunganishaji, ambaye mara nyingi alikuwa msichana wa kazi aliyeketi mbele ya ubao wenye matundu mengi, akachomeka waya mahali pake. Mwezi wa Novemba, 1927, kituo cha kwanza cha aina mpya kilifunguliwa Holborn, katikati ya mji. Tangu hapo mwenye simu alianza kuzungusha namba kwa kidole chake mwenyewe, na mtambo ukaifanya kazi ya mwunganishaji.

Ili watu wasilemewe na tarakimu nyingi, majina ya vituo hayakuachwa. Katika matundu ya simu ziliandikwa herufi pamoja na tarakimu: A, B na C katika tundu la 2, D, E na F katika tundu la 3, na kuendelea. Mtu alizungusha herufi tatu za mwanzo za jina la kituo, kisha tarakimu nne. Namba mashuhuri ya makao ya polisi, Whitehall 1212, kwa mtambo ilikuwa 944 1212 tu. Utaratibu huo ulipendwa kwa sababu jina hukumbukwa kuliko namba, na kila mtaa ulijivunia jina lake.

Ila ulikuwa na kasoro moja. Vituo viwili ambavyo herufi zao tatu za mwanzo ziliangukia matundu yale yale havikuweza kuishi pamoja. Aidha, michanganyiko mingi ya matundu haikuweza kutoa jina lolote la maana. Majina yakaanza kuwa adimu huku mji ukizidi kupanuka, na kuanzia mwaka 1966 herufi zikaanza kuondolewa, tarakimu zikabaki peke yake.

Wakati huo huo simu za mbali nazo zilikuwa zikitoka mikononi mwa waunganishaji. Tarehe 5 Desemba, 1958, Malkia Elizabeth alipiga simu kutoka Bristol hadi Edinburgh bila msaada wa mwunganishaji, na kwa tendo hilo utaratibu mpya ukafunguliwa rasmi. Kila mji ukapewa namba ya kutangulia. Birmingham ilipata 021, kwa kuwa B imo katika tundu la 2. Edinburgh 031, Glasgow 041, Liverpool 051 na Manchester 061, kila mmoja kwa herufi yake. London, mji mkuu, ikapewa iliyo fupi kuliko zote: 01.

Tuzingatie jambo moja hapa. Tangu mwaka 1912 simu za nchi ile karibu zote zilikuwa mikononi mwa Posta, yaani mali ya umma. Mpango wa namba ulipangwa na ofisi moja, kwa nchi nzima, kwa hesabu moja. Haukukosa makosa, lakini ulidumu.

UFA ULIOACHWA WAZI

Hesabu ya 01 si ngumu. Namba za tarakimu saba ambazo ya kwanza yake haiwi 0 wala 1 haziwezi kuzidi milioni nane. Tena nyingi kati ya hizo hazitumiki, kwa sababu kila kituo hutengewa fungu lake, lijae au lisijae. Kwa miaka mingi akiba hiyo ilionekana kubwa. Kisha ikaja miaka ya 1980. Simu za London ziliondolewa kwa Posta mwaka 1981 na kukabidhiwa shirika la British Telecom, na mwaka 1984 zaidi ya nusu ya hisa za shirika hilo ziliuzwa kwa watu binafsi. Biashara ya fedha ilipamba moto. Ofisi moja haikutosheka tena na namba moja: ilitaka namba kwa kila meza, na nyingine kwa mashine ya faksi. Namba zikaanza kwisha.

Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. London ilijenga ukuta kwa maana zote mbili za neno hilo. Tarehe 6 Mei, 1990, mji uligawanywa. Sehemu ya ndani, inayoizunguka Charing Cross, ikawa 071. Sehemu ya nje, iliyoizingira ile ya ndani pande zote, ikawa 081. Mtu wa Brixton aliyezoea kumpigia ndugu yake wa Wembley kwa tarakimu saba alilazimika sasa kuzungusha kumi, kana kwamba anapiga mji mwingine. Mstari haukufuata mipaka ya wilaya wala ujirani. Ulifuata mipaka ya vituo vya simu. Wilaya ya Hackney, kwa mfano, ilijikuta imepasuliwa, wengine huku na wengine kule.

Na namba ikawa cheo. Mwenye 071 alihesabiwa kuwa mtu wa mjini hasa. Mwenye 081 akaonekana ni wa pembezoni. Wafanyabiashara walihofu kwamba mteja akiona 081 atadhani duka liko mbali na halina maana. Mafundi hawakukusudia jambo hilo. Wao walitaka namba tu. Lakini ukiwagawa watu katika mafungu mawili na kuyapa mafungu hayo alama inayosomwa na kila mtu, usistaajabu alama hiyo ikitumika kuwapima.

Hata hivyo, haki itendeke. Waliopanga mabadiliko ya 1990 walifanya jambo moja la uadilifu: hakuna upande ulioachiwa namba ya zamani. Tajiri wa Mayfair na mfanyakazi wa Tottenham wote walipoteza 01 siku moja, na wote walichapisha karatasi mpya. Tukitaka kujua thamani ya jambo hilo, na tuutazame mji wa New York, uliokuwa na namba moja ya 212 tangu mpango wa mwaka 1947. Mwaka 1984 namba zilipopungua huko, Manhattan, penye mabenki na makampuni makubwa, iliachiwa 212 yake. Walioondolewa na kupewa 718 ni watu wa Brooklyn, Queens na Staten Island; nao wa Bronx wakafuata mwaka 1992. Mzigo wote ulitupwa juu ya wilaya walikolala wafanyakazi wengi wa mji, na wale wa katikati hawakubadili hata kibao kimoja. Mpaka leo wapo watu wanaonunua namba ya 212 kwa fedha, kwa ajili ya fahari tu.

MARA YA PILI NA YA TATU

Wakazi wa London walikuwa hawajamaliza kuzoea 071 na 081 walipoambiwa kuwa siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili, 1995, namba za miji yote ya Uingereza zingeongezewa tarakimu 1 baada ya sifuri. London ikawa 0171 na 0181. Miji mitano mingine, yaani Leeds, Sheffield, Nottingham, Leicester na Bristol, ilipewa namba mpya kabisa, na kwa hiyo ikapata nafasi zaidi. London haikupata hata namba moja ya ziada. Ililipa, lakini haikupewa kitu.

Wako wasemao kwamba huo ulikuwa upuuzi mtupu. Sisi hatukubaliani nao. Namba zianzazo na 02 zilikuwa zimeshikwa na miji mingine: 0202 ilikuwa ya Bournemouth, 0203 ya Coventry, 0204 ya Bolton. Haikuwezekana kuipa London 020 kabla ya hizo kuhamishwa. Hatua ya 1995 ilikuwa kufagia uwanja, na bila ya kufagia hapajengwi kitu. Kosa halikuwa katika hatua ya pili. Lilikuwa katika kuchelewa kuianza. Kama uwanja ungefagiwa miaka ya mwanzo ya 1980, dalili zilipokuwa zikionekana, kiraka cha 1990 kisingehitajika, na mji ungeokolewa gharama ya walau badiliko moja zima.

Hatimaye tarehe 22 Aprili, 2000, baada ya miezi kadhaa ya namba za zamani na mpya kutumika sambamba, London ikarudi kuwa mji mmoja. Namba ya mji ikawa 020. Waliokuwa 0171 wakaongezewa 7 mbele ya namba zao, na waliokuwa 0181 wakaongezewa 8. Kuanzia siku ile mtu wa Brixton aliweza tena kumpigia wa Wembley kwa namba ya ndani, tarakimu nane, pasipo kutaja mji. Tena kila tarakimu mpya ya mwanzo inayofunguliwa huleta nafasi ya namba milioni kumi: mwaka 2005 ilifunguliwa 3, na mwaka 2019 ikafunguliwa 4, wala hakuna mkazi aliyetakiwa kubadili chochote. Huo ndio mpango: unaoongeza bila ya kubomoa.

UKUTA ULIOBAKI VICHWANI

Lakini tazama ajabu. Ukuta ulioondolewa katika mitambo haukuondoka katika fikira za watu. Tembea katika barabara za London utaona vibao vingi vimeandikwa 0207 na 0208, kana kwamba ile miji miwili ingaliko. Zilipokuja namba za 3, watu wakazibatiza 0203 na kuziona kuwa ni namba za mji wa tatu. Hazina mtaa wake; ni za London nzima. Mtu anayeamini 0207 akijaribu kumpigia jirani yake kwa tarakimu saba zilizosalia hapati mtu, kisha hulaumu simu.

Kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu wananchi walikuwa wamefundishwa mara mbili, kwa matangazo mengi na kwa gharama zao wenyewe, kwamba wao ni mafungu mawili. Walipoambiwa mara ya tatu kuwa ni wamoja, walikuwa wamechoka kusikiliza. Walichukua badiliko lile kuwa ni tarakimu nyingine tu iliyochomekwa, wakaendelea na mgawanyo wao. Imani ya watu katika matangazo ya serikali na mashirika ni akiba kama akiba ya namba: ukiitumia ovyo, siku unapokuwa na neno la kweli huna cha kutolea.

Na gharama? Kampuni kubwa ina ofisi ya kuchapisha karatasi na mwanasheria wa kusoma matangazo. Fundi mwenye gari moja hana. Yeye alimlipa mchora vibao mwaka 1990, akamlipa tena 1995, akamlipa tena 2000. Mteja wake wa zamani aliyekuwa na kadi ya mwaka 1989 hakumpata, akamtafuta fundi mwingine. Hasara za namna hiyo haziingii katika hesabu za shirika lolote, kwa sababu zimegawanyika vipande vidogo vidogo katika nyumba nyingi. Ndiyo maana ni rahisi kuzisahau, na ndiyo maana mpangaji mwema hana budi kuzihesabu kwanza.

Huenda msomaji akasema kuwa haya yamepitwa na wakati, kwani siku hizi simu ya mkononi huhifadhi namba yenyewe na mwenye simu haikumbuki hata moja. Ni kweli kuwa namba ya mji imepungua uzito. Lakini leo namba nyingine zimechukua mahali pake: za kitambulisho, za benki, za malipo kwa simu, za mita ya umeme. Kila moja imepangwa na watu wachache na itabebwa na watu wengi.

Kwa hiyo maswali ya London yangali yetu sote. Je, badiliko hili litadumu, au ni kiraka cha kungojea kingine? Je, mzigo umegawanywa sawa, au wa katikati ameachiwa chake na wa pembeni amebebeshwa? Je, alama inayotolewa itawaunganisha watu au itawapanga madaraja? Mpangaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu na arudi mezani kwake, kabla mchora vibao hajaitwa.