Manyoya ya Mtetea na Mikono ya Askari

Wapo watakaoshangaa kumwona afisa wa jeshi akiandika katika ukurasa huu juu ya manyoya ya kuku. Na washangae. Jambo hili linawahusu askari na polisi kuliko wanavyodhani.

Hapa Kansanga, kila mwisho wa mwezi, barabara ya Ggaba hujaa vijana wetu waliotoka zamu. Sisemi askari asistarehe. Nasema kwamba mikono iliyozoea kazi, ikikosa kazi, hushika chupa. Na wapo miongoni mwetu, hasa waliorudi kutoka Somalia ambako jeshi letu lilianza kwenda mwaka 2007, wasioweza kutulia hata wakiwa nyumbani. Jirani yangu mmoja, sajini, alikuwa akizunguka ua wake usiku kucha. Jioni moja nilimwita mezani kwangu, nikamwomba anishikie uzi.

"Uzi wa nini, afande?"

"Wa kufungia nzi."

Alidhani nimerukwa na akili. Kumbe nilikuwa nikitengeneza nzi wa bandia wa kuvulia trauti, wa mtindo wa kale wa manyoya laini. Trauti ni samaki wa maji baridi. Mwaka 1905 waliletwa Kenya kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare kwa starehe ya walowezi. Baadaye wakaingizwa katika mito mingine ya milimani, pamoja na ile ya Mlima Elgon. Mkoloni amekwenda, samaki wamebaki. Na anayeuita huu mchezo wa Wazungu akumbuke kwamba kwa miaka mingi nzi wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya mafundi wa Kenya.

Ndoana hubanwa katika jiliwa. Uzi wa hariri uliopakwa nta huzungushwa juu yake kufanya mwili mwembamba. Kisha unyoya mmoja wa shingo ya mtetea, au wa kanga, huzungushwa mara mbili tu karibu na tundu la ndoana. Anayezidisha ameharibu. Unyoya wa jogoo ni mgumu, humfanya nzi aelee. Wa mtetea ni laini. Ndani ya maji hutanuka na kunywea mfano wa miguu ya mdudu anayepanda kutoka chini ya mto ili avue ganda na kuruka. Samaki hudanganywa na uhai huo, wala si sura. Mskoti W. C. Stewart aliusifu mtindo huu katika kitabu chake cha mwaka 1857, na Mmarekani Sylvester Nemes akaufufua kwa kitabu chake cha mwaka 1975. Kwetu manyoya ni ya bure, kwani wachoma kuku huyatupa. (Kwale anafaa zaidi, lakini ni ndege wa porini, na polisi wasomao hapa wanaijua sheria.)

Mvuvi hurusha mshipi kuukata mto, akauachia mkondo umchukue nzi polepole kuelekea ukingoni. Mara nyingi samaki humkamata mwishoni kabisa, nzi anapoanza kupanda juu. Mwenye papara huvuta kwa nguvu na kumpokonya samaki ndoana.

Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed nchini Marekani, ulianzishwa mpango uitwao Project Healing Waters wa kuwafundisha askari waliojeruhiwa vitani kufunga nzi na kuvua. Nasi tunao majeruhi, tena wengine majeraha yao hayaonekani. Kwa nini kila bwalo la kambi na kila kituo kikubwa cha polisi kisiwe na meza moja, jiliwa mbili, nyuzi na kikapu cha manyoya? Gharama yake haifiki bei ya meza moja ya mchezo wa puli.

Sidai kwamba nzi ni dawa. Sajini bado huzunguka ua wake usiku mwingine. Lakini jioni nyingi huja kwangu, akainamia ndoana saa mbili nzima bila kusema neno, na mikono yake haitetemeki. Trauti hawako Kansanga. Maji ya Ziwa Victoria yana joto mno kwao. Kwa hiyo nzi wetu tunawajaribu katika beseni la kufulia, watoto wakitucheka. Ameomba likizo mwezi Desemba, na tukipata kibali tutakwenda Elgon na nzi ishirini, kumi na wawili wakiwa wa kwake. Jiliwa litabaki nyumbani. Atakaye kuliazima na abishe hodi.