Kirangozi au nyapara?

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilikuwa na kirangozi, mpagazi mzoefu aliyetangulia na bendera kuwaonyesha wenzake njia. Ilikuwa pia na wanyampara, wakuu wa makundi ya wapagazi. Neno hilo la pili limebaki kwetu kama "nyapara", msimamizi anayeogopwa.

Vituo vya afya navyo vina viongozi wa namna hizo mbili. Mahali kama Ulyankulu, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, mbali na hospitali ya mkoa, mwenendo wa mganga mfawidhi una uzito mkubwa zaidi.

Ni kweli watumishi hatufanani: yupo anayejituma bila kusukumwa, yupo mkimya anayengoja agizo. Hata hivyo, muuguzi mkimya akikemewa mbele ya wagonjwa huzidi kunyamaza. Usiku mama aliyejifungua akitokwa damu nyingi, muuguzi huyo husita kumwamsha mkubwa wake, na kusita huko huweza kuua. Kwa mfawidhi anayeuliza "tumekwama wapi?" kabla ya "nani kakosea?", muuguzi huyohuyo hupiga simu mapema.

Upole huo si ulegevu. Mfawidhi anayefumbia macho wachelewaji huwavunja moyo wanaowahi.

Nanyi wagonjwa, mkijibiwa kwa ukali dirishani, msiseme tu "ndivyo alivyo". Ifikisheni habari hiyo kwenye kamati ya kituo, kwa kuwa ukali wa mtumishi mara nyingi huanzia kwa anayemwongoza.