Paul Robeson na Mamlaka ya Neno: Jukwaani, Katika Wimbo na Katika Sinema

Katika maandishi mengi yanayomhusu Paul Robeson (1898–1976), mwigizaji na mwimbaji Mweusi wa Marekani, mambo mawili ndiyo hupewa uzito: sauti yake nzito ya besi na msimamo wake wa kisiasa. Yote mawili yanastahili uzito huo. Lipo hata hivyo jambo la tatu ambalo wanaisimu, na hasa wanaisimu wa lugha za Kibantu, wangepaswa kuwa wa kwanza kulieleza, nalo ni kwamba mtu huyu alikuwa mwanafunzi wa lugha. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha taaluma za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, akasoma fonetiki na lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Jambo hili aghalabu hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba lilikuwa burudani ya msanii mashuhuri baina ya onyesho na onyesho. Maoni yanayotolewa hapa ni kinyume cha hayo: kazi yake yote haieleweki vyema pasipo kuuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, mtoto wa mchungaji ambaye katika ujana wake alitoroka utumwani. Alihitimu Rutgers mwaka 1919, akapata shahada ya sheria Columbia mwaka 1923, kisha akaiacha sheria. Tamthilia za Eugene O'Neill alizoigiza New York mwaka 1924 zilimpa jina, lakini ni katika Othello ya Shakespeare ndipo uhusiano wake na neno la jukwaani unapojitokeza wazi. Nafasi hiyo aliishika katika vipindi vitatu vya umri wake: London mwaka 1930, New York kuanzia Oktoba 1943, na Stratford-upon-Avon mwaka 1959. Onyesho la New York lilirudiwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia katika Broadway. Lilipozungushwa katika miji mingine, alikataa kuigiza katika kumbi zilizowatenga watazamaji kwa rangi.

Othello huwaambia wakuu wa Venisi kwamba yeye si msemaji, na papo hapo hutoa hotuba iliyo miongoni mwa zilizo fasaha kabisa katika tamthilia nzima. Mgeni anaijua lugha ya wenyeji kuwashinda wenyeji. Mwigizaji Mweusi anapoyasema maneno hayo mbele ya hadhira ya Wazungu habadilishi hata silabi moja ya mtunzi, na bado maana inabadilika. Mwigizaji wa jukwaani hufungwa na matini, ni kweli. Lakini pazia likishafunguliwa hakuna wa kumkatiza. Mkazo, kituo na kimya vimo katika milki yake.

Katika wimbo alikuwa na milki kubwa zaidi. Mwezi Aprili 1925, akisindikizwa kwa piano na Lawrence Brown, alifanya tamasha New York ambalo nyimbo zake zote zilikuwa za Wamarekani Weusi, na hivyo akaziingiza nyimbo za watumwa katika ukumbi wa tamasha bila kuziombea radhi. Lakini mfano ulio bora ni wimbo ambao haukutungwa na Weusi. Ol' Man River ni kazi ya Jerome Kern na Oscar Hammerstein wa Pili, kutoka mchezo wa Show Boat wa mwaka 1927. Robeson aliuimba katika onyesho la London mwaka 1928 na katika filamu ya mwaka 1936. Matini yake ya awali ilikuwa na neno la kuwatusi Weusi, na iliandikwa kwa ile lahaja ya jukwaani ambayo watunzi Wazungu waliwavisha Weusi wote bila kujali wanatoka wapi. Aliyemsikia mwaka 1928 alisikia mtu aliyechoka kuishi na anayeogopa kufa. Aliyemsikia katika matamasha ya miaka ya mwisho ya 1930 alisikia mtu anayeapa kupambana hadi kufa. Muziki ni uleule, maneno yaliyobadilishwa ni machache mno, na wimbo mzima umepinduliwa. Msomaji aliyemwona Shaaban Robert akimwandikia Siti binti Saad wasifu uliompa heshima ya mtu wa fasihi hatakuwa na sababu ya kustaajabu kwamba mwimbaji naye ni mtunzi.

Sinema ndiyo iliyomnyang'anya. Kwa kejeli ya historia, filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya Oscar Micheaux (1925), ilikuwa bubu: sauti iliyokuja kujulikana duniani kote iliingia katika sinema bila kusikika. Mkasa wenyewe, hata hivyo, ni Sanders of the River (1935). Zoltan Korda alikuwa amepiga picha za nyimbo na ngoma barani Afrika, na Robeson akaamini kwamba hatimaye utamaduni wa Waafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Filamu iliyotoka mikononi mwa wahariri ilikuwa sifa kwa utawala wa Waingereza. Nyimbo na ngoma zikawa pambo, na chifu Bosambo, aliyeigizwa naye, akawekewa Kiingereza cha mtu mzima aliyefanywa mtoto mbele ya Bwana Shauri. Baadaye Robeson aliikana filamu hiyo hadharani.

Miongoni mwa Waafrika walioonekana humo katika nafasi ndogo alikuwamo Jomo Kenyatta. Katika miaka hiyohiyo Kenyatta alikuwa akimsaidia Lilias Armstrong, mwanafonetiki wa University College London, katika uchunguzi wa Kigikuyu uliochapishwa mwaka 1940. Basi katika mji mmoja Mwafrika alikuwa akitoa matamshi yake kwa ajili ya sayansi, na mjukuu wa watumwa akijifunza lugha za Kiafrika darasani. Wote wawili wakaingia katika studio moja, wakavishwa mavazi ya machifu, na elimu yao ya lugha ikaachwa mlangoni.

Kwa Song of Freedom (1936) alipata haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa, na tofauti inaonekana, ijapokuwa kisa cha kuli wa bandarini anayegundua kwamba ni wa ukoo wa kifalme ni dhaifu. The Proud Valley (1940), inayohusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales, ni bora kuliko zote. Baada ya Tales of Manhattan (1942), ambayo pia aliilaumu hadharani, hakuigiza tena katika filamu za Hollywood.

Je, isimu yake ilikuwa madhubuti? Si yote. Alipenda kulinganisha lugha za Kiafrika na Kichina, na katika kitabu chake Here I Stand (1958) aliutumia ulinganisho huo kuwajibu waliodai kwamba lugha hizo ni duni. Kuwajibu kulikuwa sahihi. Lakini mlinganisho wowote unaojengwa juu ya toni hauwezi kukijumuisha Kiswahili, ambacho hakitofautishi maneno kwa toni na ambacho mkazo wake huangukia kwa kawaida silabi ya pili kutoka mwisho. Kosa hili la kuifanya Afrika kuwa lugha moja lilikuwa la wengi wakati ule, na halijafutika hata leo. Alichokiona vyema zaidi kuliko baadhi ya walimu wa fasihi ni kwamba neno linaloimbwa lina sarufi yake.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti, na hakurudishiwa hadi 1958. Filamu hazikuwapo tena, kumbi nyingi zilifungwa mbele yake, na kwa hiyo mfano wa Oktoba 1957 una thamani ya pekee kwa mtafiti: akiwa New York aliwaimbia kwa njia ya simu wachimbaji wa makaa waliokusanyika Porthcawl, Wales, katika tamasha lao. Hapakuwa na jukwaa, mavazi wala picha, na hakuna mhariri aliyekaa kati ya kinywa na sikio. Kwaya ya wanaume ya Treorchy ikamwimbia naye kutoka ng'ambo ya pili.