Mtihani wa kuingia chuo cha meno? Dada staa, hapa nakukatalia

Wiki hii gumzo siyo penzi la mtu wala gari la mtu. Gumzo ni meno.

Kuna dada mmoja staa, jina naliweka kapuni, mnamjua kwa tabasamu lake maana hilo tabasamu lenyewe limelipiwa. Kaandika kwenye ukurasa wake kwamba mdogo wake kakosa nafasi ya kusomea udaktari wa meno kwa sababu ya gredi za NECTA tu. Kijana ana akili, shuleni alikuwa anaongoza, Kiingereza anateleza nacho, lakini chuo kimeangalia karatasi. Akamalizia kwamba vyuo viweke mtihani wao wenyewe, anayefaulu aingie, matokeo ya fomu siksi yabaki ya kupitishia tu.

Mashabiki kuanzia Sinza mpaka Tandika wakaitikia, umeongea dada, umeongea. Mimi huyu dada nampenda na kazi zake naangalia. Ila kwenye hili nabaki upande wangu.

Kwanza tuwekane sawa, maana nimesoma komenti nikaona watu wamechanganya madesa. Kwa mtu anayetoka fomu siksi, hapa Tanzania hakuna mtihani wa kuingia kusomea meno. Kuna matokeo ya mtihani wa taifa, basi. Unatakiwa uwe umefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, ile kombi ya PCB. Pepa zinapigwa Mei, matokeo yanatoka Julai, unaomba chuo (tangu 2017 unaomba chuoni moja kwa moja), halafu unapangwa na wenzako wa nchi nzima. Wenye gredi za juu wanapita kwanza mpaka viti viishe. Kwa miaka mingi shahada hii ilikuwa Muhimbili peke yake, pale Upanga, na mpaka leo vyuo vinavyoitoa ni vya kuhesabu. Kusoma miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitali ndiyo unaitwa daktari.

Sasa kuna kitu kinawaponza wengi, na nahisi hata mdogo wake staa kimempitia. Pointi. NECTA wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo unavyotamba mtaani: wani ya tatu, wani ya nne. TCU wao wanahesabu kinyume. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo pointi 6 ya NECTA ni B tatu, unachinjiwa kuku. Pointi 6 ya TCU ni D tatu. Mtu anafungua kitabu cha TCU, anakuta kozi imeandikwa pointi 6, anajiona yuko juu kumbe kasoma kigezo cha chini kabisa.

Na kigezo cha chini siyo kiti. Ni kama tiketi ya mzunguko Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, inakuvusha getini, huko ndani kila mtu na mbio zake. Unaweza kuwa na sifa zote zilizoandikwa kitabuni na bado ukakosa, hakuna aliyekuonea, waliokuzidi wametosha kujaza darasa.

Turudi kwenye hoja ya mtihani. Siyo hoja ya kijinga. Wenzetu wanafanya. Marekani ukitaka kusomea meno unapeleka GPA yako ya chuo pamoja na alama za mtihani unaoitwa DAT, na kila shule inapima yenyewe kipi kina uzito zaidi. Uingereza vyuo vya meno wanaangalia gredi na mtihani wa UCAT. Makerere hapo jirani waliwahi kuweka mtihani wa kuingilia, ila ulikuwa wa sheria. Kwenye kozi kama meno, kwa miaka mingi Uganda imechanganya matokeo kwa hesabu: somo la lazima linazidishwa kwa 3, lingine kwa 2, matokeo ya fomu foo nayo yanatupia vipointi vyake, na mtoto wa kike anaongezewa 1.5. Hiyo ya Uganda mimi naielewa, kwa sababu haimdai mtoto shilingi ya ziada. Karatasi ni zile zile, wamebadili namna ya kuzisoma.

Ila mtihani mpya? Angalieni India. Wao kuingia udaktari wa binadamu na wa meno ni kwa mtihani mmoja wa nchi nzima, NEET. Mwaka 2024 walikaa watoto zaidi ya milioni 2. Matokeo yalipotoka mara ya kwanza, watoto 67 wakawa wamepata 720 kwa 720. Wazazi wakashtuka, habari za kuvuja kwa pepa zikaibuka, kesi zikafika Mahakama ya Juu. Na kuna mji mzima, Kota, ambao unaishi kwa tuisheni. Vijana wanahamia kule kutoka mikoani, wanapanga vyumba, wanasoma kwa ajili ya mtihani huo na mingine ya aina yake. Mji mzima!

Sasa leta hiyo Bongo. Siku chuo kikitangaza mtihani wa kuingilia, kesho yake asubuhi kuna bango Mwenge na lingine Mikocheni: tuisheni ya mtihani wa meno, wiki sita, vitabu bure, malipo kwa awamu. Mtoto wa staa ataingia awamu ya kwanza. Mtoto wa Mbagala Kizuiani atasubiri baba auze kiwanja cha Chanika, kama kipo. Mtoto wa Kasulu atapanda basi siku nzima kuja kufanya pepa Upanga, alale kwa shangazi ambaye hajamuona tangu ubatizo. Halafu tutasema tumepima akili.

NECTA ina mabaya yake, tena mengi. Ila pepa la Kemia la Mei ni lile lile Ilboru, lile lile Kilakala, lile lile kwenye shule ambayo maabara yake ina chupa nne na moja imepasuka. Anayesahihisha haoni jina lako, anaona namba. Hawezi kujua shangazi yako ni nani. Kwenye nchi ambayo kila kitu unaulizwa unamjua nani pale, hicho ni kitu kikubwa, na watu wanakibeza kwa sababu wamekizoea.

Wengine wakasema basi zichukuliwe alama za shuleni, maendeleo ya miaka miwili, kwa sababu mtoto hawezi kupimwa kwa wiki mbili. Linasikika vizuri. Lakini A ya shule moja ni C ya shule nyingine, kila mwalimu ana mkono wake. Kuna shule wanabana mpaka anayeongoza mock anapata C, kusudi akaze. Kuna shule A zinagawiwa kama karanga msibani. Chuo kitajuaje?

Na tumeshajaribu kupima mtu kwa zaidi ya pepa. Wazee wenu wanakumbuka Azimio la Musoma, 1974. TANU ikaamua mtu asitoke fomu siksi akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshini, afanye kazi kama miaka miwili, halafu aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama kwamba tabia yake ni njema. Nia ilikuwa nzuri, hawakutaka wasomi wanaojiona miungu. Lakini fikiria wewe ni binti wa miaka 20, fomu yako ya chuo iko mezani kwa bosi. Bosi anajua iko mezani. Sihitaji kuendelea. Akina dada walikuja kulegezewa sharti hilo mapema, na baadaye utaratibu wenyewe ukafa.

Hata mchezo wa kubadilisha majina ya madaraja tumeucheza. Mwaka 2014 ikaja GPA kwenye matokeo ya sekondari, divisheni zikaondoka, tukawa na Distinction na Merit, wazazi wakawa wanauliza sasa huyu kafaulu au hajafaulu. Mwaka 2016 divisheni zikarudi. Maabara zilibaki vile vile.

Niseme na hili, maana blogu yetu ni ya urembo pia. Ingekuwa lazima kuweka kipimo cha ziada, mimi ningepima mikono. Msicheke. Marekani zamani kwenye huo mtihani wao mtu alikuwa anapewa kipande cha chaki achonge umbo kwa vipimo. Canada wakawa wanachongesha sabuni. Maana kuziba jino ni kazi ya milimita, ndani ya mdomo wenye mate, na mwenye mdomo anatetemeka. Hapa kwetu Kemia haikuambii kama mkono unatulia. Kuna mdada Temeke anabandika kope moja moja masaa mawili bila kutikisika na ana divisheni foo. Simsemei awe daktari, nasema tu kuna kitu gredi hazikioni, na hata mtihani wa kuandika anaoutaka staa hautakiona.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike, maana huyu wa staa atapata pa kwenda, hata nje atapelekwa.

Mtaani kwetu kuna binti. Shule ya serikali, PCB, mock aliongoza darasa. Siku ya praktiko ya Kemia aliingia na homa, akatoka hajamaliza. Julai matokeo: Baiolojia B, Kemia D, Fizikia D. Kwa NECTA ni divisheni tuu ya 10. Kwa TCU ni pointi 8. Kaomba meno, dirisha la kwanza kakosa. Nyumba ya jirani kuna kijana ana wani ya 7, anaenda kusoma udaktari na hata hautaki, anataka muziki, kalazimishwa na baba. Mama wa binti anapita pale anasalimia haraka haraka.

Kwa huyu binti, hoja ya staa ni tamu kama asali. Laiti kungekuwa na mtihani wa pili! Namuelewa. Lakini mlango wa pili upo tayari, tena haumpimi mtu kwa siku moja. Ni diploma ya kinywa na meno. Miaka mitatu, kiti cha mgonjwa anaanza kukizoea mapema, muhula kwa muhula alama zinajumlishwa, na mitihani ina mkono wa Wizara ya Afya, siyo mwalimu mmoja na peni yake. Akitoka na GPA ya 3.0 au zaidi, na masomo yake ya sayansi, Hisabati na Kiingereza ya fomu foo yakiwa yamesimama, anaruhusiwa kuomba shahada ile ile. Hapo ndipo gredi za muda mrefu zinapokutana na pepa la siku moja, na homa ya siku moja haimuui mtu.

Tatizo mtaa unaichukulia diploma kama aibu. Shangazi wa huyo binti kamwambia kabisa, yaani PCB yote ile uende kuwa tabibu wa kung'oa meno zahanati? Mwingine anamwambia arisiti. Arisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, praktiko ya Kemia ataifanyia mazoezi jikoni?

Nakubali hesabu inauma. Diploma mitatu, shahada mitano, vitendo mmoja, ni tisa. Ana miaka 20. Atavaa koti la daktari akiwa na 29, na kwetu huku ukifika 25 maswali ya ndoa yanaanza kwenye kila sherehe. Lakini katikati ya hiyo tisa, baada ya mitatu ya mwanzo, ana cheti cha kazi mkononi. Na Bodi ya Mikopo tangu 2023/24 imeanza kukopesha baadhi ya wa diploma, wa afya wakiwemo.

Kwa hiyo ningekuwa na wafuasi kama wa staa nisingeomba mtihani. Ningeuliza swali moja tu: kati ya viti vya mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, vingapi wanapewa waliotoka diploma? Chuo kiseme namba hiyo wazi, kila mwaka, kabla dirisha halijafunguliwa. Mtoto ajue anaingia kwenye safari ya miaka tisa yenye mlango mbele, au ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

Dirisha la pili halijafungwa. Binti bado hajajaza kitu, anasikilizia. Kama una ndugu aliyepita diploma akaingia shahada ya meno, mwambie aandike hapo chini ilikuwaje. Mama yake anasoma blogu hii.